Kadi ya Mwalimu Sedlacek

Barua ya maktaba ilimfikia Twyla Kuhlmann siku ya Jumatatu. Jumatano asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, alikuwa amesimama nje ya hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu, amekunja uso, funguo za gari bado mkononi. Alikuwa ameendesha saa mbili nzima katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na njia yote alikuwa akigombana na barua ile kwa sauti.

Ilikuwa barua ya adabu, ya kuudhi. Ilimwarifu, kwa kuwa yeye ni mrithi, kwamba msomaji mmoja, Bwana Garrick Sedlacek, ameomba kusoma masanduku ya kadi katika nyaraka za marehemu baba yake. Ilimwarifu pia kwamba orodha mpya ya nyaraka hizo sasa imekamilika, nakala hii hapa. Twyla aliisoma orodha akiwa jikoni, akipitisha kidole mstari kwa mstari, mpaka akafika sanduku la thelathini na moja. Kadi za walimu waliotuhumiwa, 1961 hadi 1964. Majina ya watoa taarifa yameandikwa nyuma.

Alikaa chini. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba jina lake halitaandikwa popote.

Orrin Kuhlmann alikuwa muuza mbegu za mahindi huko Wendell Creek, jimbo la Nebraska, na jioni alikuwa mwenyekiti wa Walinzi wa Jamhuri. Hawa walikuwa majirani waliokubaliana kwamba Wakomunisti wameingia kila mahali: shuleni, kanisani kwa Wamethodisti, hata katika dawa ya kukinga meno ambayo serikali ilitia kwenye maji ya bomba. Kila aliyeshukiwa alifunguliwa kadi. Kama ni mwalimu, kadi ilipelekwa kwa bodi ya shule, ikasomwa mlango umefungwa, kisha ikarudi kwenye kabati la Orrin na kufuli lake. Mtuhumiwa mwenyewe hakuonyeshwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao, na walijivunia, kwa sababu iliwalinda waliosema. Orrin alipofariki mwaka 1987, Twyla alitoa masanduku sitini na manne kwa chuo bila kufungua hata moja. Alitaka nchi ijue baba yake alikuwa mtu gani.

Mlango ulifunguliwa na msichana wa mapokezi. Twyla aliambiwa aache mkoba kwenye kabati, aache koti, aache kalamu, anawe mikono. Alinawa kama anayelazimishwa.

"Penseli tu, mama," msichana alisema.

"Nimekuwa karani wa wilaya miaka thelathini. Naijua penseli."

Chumba cha kusomea kilikuwa na meza sita, na mtu mmoja tu. Alikuwa mnene, ana mvi, amevaa shati la miraba, na mbele yake kulikuwa na sanduku lenye namba 29. Twyla hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na taya la baba yake, lile taya la Milo Sedlacek lililokuwa likisimama mbele ya darasa la nane kufundisha historia.

"Twyla," Garrick alisema bila kuinuka. "Nilijua utakuja kunichunga."

"Nimekuja kusoma vitu vya nyumbani kwetu. Unanizuia?"

"Nani akuzuie wewe? Mji mzima haujawahi."

Mhifadhi nyaraka alitoka nyuma ya meza yake haraka, kama mtu aliyeona mbwa wawili wakinusana vibaya. Aliitwa Maribeth Voss, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sauti ya chini, miwani imening'inia kifuani. Alimpa Twyla mkono na kumkaribisha katika kile alichokiita Mkusanyiko wa Kuhlmann wa Historia ya Siasa za Mrengo wa Kulia.

"Mrengo wa nini?"

"Wa kulia, Bi Kuhlmann. Ni kichwa tu cha orodha, watafiti wapate kuutafuta."

"Baba yangu hakuwa mrengo. Ndege ndio wana mbawa. Baba yangu alikuwa Mmarekani mwenye macho. Nani kaandika hivyo?"

"Mimi."

"Basi, binti, utakifuta."

Garrick alicheka puani, macho yakiwa kwenye karatasi zake. Twyla akamchukia papo hapo, chuki mpya juu ya ile ya zamani. Huyu alikuwa anaandika kitabu. Gazeti la wilaya lilikuwa limemhoji majira ya kuchipua, nusu ukurasa na picha, akasema atamtaja mtu aliyemchongea baba yake. Na kwa wasioweza kungoja akamtaja palepale: Vernon Teply, mwalimu wa useremala, rafiki wa chanda na pete wa marehemu, aliyeonekana mara moja akitoka kwenye mkutano wa Walinzi. Twyla alilikata gazeti lile na kuliweka kwenye droo. Alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akajipikia chakula kizuri. Teply alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, hana mke wala mtoto, na maiti haiendi mahakamani.

"Nataka sanduku la thelathini na moja," Twyla alimwambia Bi Voss.

"Hilo nimeliagiza mimi," Garrick alisema. "Nikimaliza hili na la thelathini, ndilo linalofuata."

"Wewe una moja mkononi. Sheria yao ni sanduku moja kwa mtu mmoja. Au nimekosea?"

Bi Voss alikiri kwamba hakukosea. Alimtazama Garrick kwa macho ya kuomba radhi, akaenda ghalani. Alirudi akisukuma toroli dogo lenye sanduku la kijivu, akaliweka mbele ya Twyla, akamkumbusha jalada moja kwa wakati mmoja, kadi zibaki katika mpangilio wake, mikono ibaki juu ya meza.

"Miaka arobaini na tisa," Garrick alisema kutoka meza yake. Alisema kama anayezungumza na dirisha. "Nilikuwa na miaka sita. Tulihama kwenda Omaha, mwalimu mzima akawa anaosha damu kwenye sakafu ya machinjio. Alipokufa, Teply akaja kanisani na suti yake, amebeba kofia mkononi. Nilimsukuma mlangoni mpaka akaanguka kwenye theluji. Angekuwa hai leo ningemsukuma tena."

"Hongera," Twyla alisema.

"Na baba yako ndiye aliyemtuma. Hilo nalo litakuwemo."

"Andika. Kila siku mnaandika. Baba yangu alipouza mbegu mbovu mara moja tu alirudisha hela ya watu. Baba yako aliharibu watoto wa watu mwaka hadi mwaka, na mshahara akala."

"Jamani," Bi Voss alisema. "Kuna watu wanaosoma hapa."

Hapakuwa na mwingine zaidi yao wawili, lakini walinyamaza.

Kadi zilipangwa kwa alfabeti. Twyla aliyapitia majina ya walimu aliowajua na aliowasahau. Huyu alisifu Umoja wa Mataifa. Huyu alipokea gazeti kutoka Chicago. Huyu hakuimba wimbo wa taifa. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, ule wa kulala upande, na Twyla alihisi fahari yake ya siku zote ikipanda. Baadaye ikasita kidogo, kwa kuwa kadi moja moja zilikuwa za kijinga, na yeye hakuwa mjinga.

Kisha akafika herufi S.

SEDLACEK, MILO. Mwalimu, darasa la nane. Aprili 1962. Alisema mbele ya wanafunzi kwamba bendera ni tambara la kufutia viatu.

Aligeuza.

Chanzo: Twyla. Anaaminika.

Baba yake hakuwahi kumsifu hivyo kwa mdomo, hata siku moja. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Mwalimu Sedlacek alikuwa amempa alama ya D kwenye insha yake juu ya waasisi wa taifa. Zaidi ya hapo alisoma sentensi moja ya insha ile mbele ya darasa, na darasa likacheka. Twyla alirudi nyumbani machozi yamemkaukia usoni. Baba alikuwa mezani na wenzake wawili, kahawa na keki, na akamuuliza kama kawaida mwalimu amesema nini leo. Wale wazee wakamgeukia wote watatu. Hapo ndipo alipolisema lile neno la bendera na tambara. Hakutia chumvi kwenye kitu kilichokuwepo. Alilitunga lote, pale pale, akiwa bado amebeba vitabu. Wiki tatu baadaye darasa likapata mwalimu mwingine.

Hakuwahi kumwambia mtu. Hakumwambia mama yake alipokuwa anakata roho, wala mchungaji. Mwaka ule ule alijiambia kwamba hata kama hakusema hilo, mtu yule lazima alisema jingine, na jibu hilo lilikuwa limemtosha mpaka Jumatatu.

Mkono wake wa kushoto ulishuka polepole kutoka mezani, na kadi ikashuka nao.

"Bi Kuhlmann," Bi Voss alisema bila kupaza sauti. "Mikono juu, tafadhali. Na nitazihesabu utakapomaliza. Huwa nahesabu za kila mtu, si zako tu."

Twyla aliirudisha kadi. Uso ulimwaka moto. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye meza ya mhifadhi, akainama ili yule mwingine asisikie.

"Kuna kadi humu nataka itoke. Mimi ndiye mrithi. Mkataba unaniruhusu."

"Unaruhusu," Bi Voss alisema. Alifungua faili la kijani, akavaa miwani. "Familia inaweza kufunga waraka wowote unaoweza kumdhuru mtu aliye hai, mpaka mtu huyo afe. Ni ombi la haki kabisa. Nitaitoa na kuifungia kwenye kabati letu leo hii."

"Vizuri. Itoe."

"Nikiitoa naweka hii mahali pake." Alitoa karatasi ya rangi ya waridi yenye mistari iliyopigwa chapa. "Inasema ni kadi ya nani, imeondolewa lini, nani ameomba, na kwa sababu gani."

Twyla aliisoma mara mbili. "Na hii karatasi inakaa humo?"

"Daima. Msomaji akifika hapo anaiona."

"Itoe kadi bila kuweka karatasi."

"Siwezi. Ni kipengele cha saba."

"Mpumbavu gani aliyeandika kipengele cha saba?"

Bi Voss aligeuza faili upande wake. Kulikuwa na saini mbili chini ya ukurasa, na pembeni, kwa wino wa bluu, nyongeza iliyoandikwa kwa mkono wa karani mzoefu. Kwamba hakuna hata kipande cha karatasi kitakachoondolewa katika nyaraka za Orrin Kuhlmann bila jina la aliyeomba na sababu yake kuachwa mahali pake, wazi kwa kila msomaji. Twyla aliutambua mwandiko kwa sababu ulikuwa wake. Mwaka 1988 alikuwa amekaa katika jengo hili hili, ana hakika kwamba maprofesa watachomoa kila kinachompamba baba yake na kuacha kinachomchafua, na alikuwa amegoma kutia saini mpaka wakubali. Profesa wa siku zile alimwambia hakuna mkusanyiko mwingine wenye sharti kama hilo. Twyla alimjibu kwamba ndiyo maana anawashuku.

"Tangu hapo tumelifanya sharti la mikusanyiko yote," Bi Voss alisema. "Limetusaidia sana. Kwa kweli lilikuwa wazo zuri."

Twyla alimtazama kuona kama anamkejeli. Hakuwa anamkejeli, na hilo liliudhi zaidi.

Alisimama akipima. Akiiacha kadi, Garrick ataisoma kabla ya chakula cha mchana, mbele na nyuma, jina na sifa. Akiifunga, Garrick atakuta karatasi ya waridi. Karatasi si kadi. Mtu aliyeuamini uongo wake miaka thelathini na zaidi, akamwangusha mzee kwenye theluji kwa ajili yake, hataacha kitu kizuri kama hicho kwa karatasi moja. Ataandika Teply. Kitabu kitatoka, watu watakisoma wiki mbili, yataisha.

"Nipe hiyo penseli," alisema.

"Hapo kwenye sababu niandike mimi, kwa mkataba. Inamtaja mtoa taarifa aliye hai. Ni sawa?"

"Andika unachotakiwa kuandika."

Alisaini. Bi Voss aliichukua kadi kwa ncha za vidole, akaitia kwenye bahasha, akaenda nayo ndani, na kufuli likasikika. Twyla alirudi kwenye kiti. Alitaka kuondoka, lakini kuondoka sasa kungekuwa kama kukimbia, na hakuna Kuhlmann aliyewahi kumkimbia Sedlacek. Akalirudisha sanduku kwenye toroli, akakaa, akakunja mikono.

Garrick alilimaliza lile la ishirini na tisa, akalipitia la thelathini kwa dakika kumi tu. Kisha akaletewa la thelathini na moja. Hakuanza na A. Alikwenda moja kwa moja kwenye herufi yake kama mtu anayekwenda kwenye kaburi analolijua, akachomoa karatasi ya waridi, akaisoma.

Aliisoma muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Bi Voss," alisema. "Hii sababu. Mtoa taarifa aliye hai. Mmehakikisha?"

"Hatuandiki bila kuhakikisha."

"Hai leo. Si mwaka 1988."

"Leo, bwana."

Garrick alivua miwani. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia paji la uso. Twyla aliliona jambo lenyewe likimfikia: Teply na kofia yake mkononi, theluji, mlango wa kanisa. Alikuwa ametamani kwa miaka kumwona Sedlacek mmoja ameishiwa maneno. Sasa alikuwa naye hapo na hakupata ladha yoyote.

Kisha Garrick aliutazama mstari wa aliyeomba, akamtazama yeye.

"Walinzi wote wamekufa," alisema. "Bodi wote wamekufa. Wewe ulikuwa dawati la mbele darasani kwake."

"La pili."

"La pili. Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Unajua kuhesabu."

"Kumi na mitatu." Alitikisa kichwa. "Nilimwangusha mzee wa watu. Miaka ile yote mlikuwa mnakutana naye posta. Ulikuwa unamsalimia?"

"Kila mtu alimsalimia."

"Gazeti langu ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Ukanyamaza."

"Sikukuomba uandike uongo. Uliupata mwenyewe, na uliupenda." Twyla alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Kadi imefungwa mpaka nife. Nina moyo mzuri, daktari kasema. Utangoja."

Bi Voss alikuwa amesimama nusu, hajui aingilie au akae. Garrick alimwashiria kwa mkono akae. Hakuwa amekasirika tena, au hasira yake ilikuwa imekwenda mahali ambapo Twyla hakuweza kuifikia na kuijibu.

"Wewe sina haja nawe," alisema. "Jina lako nimelipata, litakwenda kitabuni, na la Teply litatoka. Hilo limekwisha. Kuna kingine." Aliiweka karatasi ya waridi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Baba hakuambiwa alisema nini. Bodi walikataa. Alikuwa akitoka zamu machinjioni, anaoga, anakaa mezani anaandika. Kila alichowahi kusema darasani, siku kwa siku, kadiri alivyokumbuka. Masomo, mizaha, kila kitu. Akitafuta ni neno gani. Miaka kumi na saba, Twyla. Yako madaftari kumi na moja nyumbani kwangu. Nimeyasoma yote na mimi sijaliona. Sikuombi kadi. Niambie tu nitazame daftari lipi."

Twyla alifungua mdomo amwambie imefungwa. Ilikuwa haki yake, ilikuwa imesainiwa. Aliiangalia mikono yake, iliyokuwa juu ya meza kama alivyoagizwa.

"Halimo," alisema. "Hakulisema."